Betri Iliyokatiwa Pateni

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi cherehani, na hana jambo asilolifanya kifundi cherehani. Akikata nyanya, anafuata mstari anaouona yeye peke yake. Akikuaga mlangoni, macho yake yako kwenye pindo la suruali yako. Ana gari moja dogo, kuukuu kiasi kwamba rangi yake kila mtu anaitaja kivyake, na alilinunua kwa ajili ya sare za shule. Miaka nenda rudi alikuwa akizipeleka kwa pikipiki. Zinatoka kwake zimenyooka mpaka unaogopa kuzigusa, zinafika shuleni kama zimetafunwa. Alipopata gari akafunga bomba toka dirisha hadi dirisha, akazitundika humo. Tangu hapo sare husafiri zimesimama wima, na yeye huendesha amejikunja, maana kiti chake hakirudi nyuma.

Gari hilo likafa betri. Wiki ya kwanza alilisukuma, ya pili akasukumiwa. Ya tatu dada akaanza kuanika nguo kwenye boneti, na hiyo ni dalili mbaya kwa gari lolote. Mwishowe akatoa hukumu mbele yangu: Jumamosi ikifika saa sita mchana gari haliwaki kwa ufunguo, bila kusukumwa, analichukua kaka yake. Kaka yake ni mimi, na kazi yangu ni kununua na kuuza magari yaliyochoka. Fundi alikubali kwa kutikisa kichwa, pini mdomoni. Bei tulishaafikiana. Siitaji hapa, ilikuwa nzuri mno.

Jumamosi saa tatu asubuhi nikawa uani kwao.

"Shemeji, umewahi," akasema fundi, wala hakutabasamu.

"Nimekuja kukutia moyo."

"Moyo gani na kamba ya kuvutia gari begani?"

Betri mpya alikuwa ameshainunua jana yake. Ilikaa juu ya kigoda, imefunikwa kitambaa kama keki. Yeye alikuwa na futi shingoni na spana mkononi, na lazima niseme ukweli, alianza vizuri. Alifungua waya mweusi kwanza, halafu mwekundu, ndivyo inavyotakiwa. Kila nati aliyoitoa aliibandika kwenye ile sumaku yake ya kuokotea pini, isipotee hata moja. Mafundi magari wangapi wana adabu hiyo? Kisha akamwaga maji ya moto kwenye ncha za nyaya, akasugua ule ukoga wa kijani kwa mswaki.

"Huo mswaki wa nani?" dada aliuliza kutoka dirisha la jikoni.

Mswaki ukaongeza kasi.

"Baba watoto, nimeuliza mswaki wa nani."

"Wa gari."

Akatoa betri ya zamani, akaingiza mpya. Iliingia kama imezaliwa humo: urefu sawa, upana sawa, kimo sawa. Akarudi hatua mbili nyuma, kichwa upande, vile anavyomtazama mteja kwenye kioo.

"Umeona, shemeji? Imemkaa."

Nikaona. Moyoni nikaanza kulisahau gari. Halafu akavuta waya mwekundu aufunge, haukufika. Kichwa cha betri cha kuufungia kilikuwa upande wa pili kabisa, mahali pa mweusi. Akaigeuza betri nyuma mbele. Sasa vichwa vyote viwili vikaangalia injini, na waya mwekundu ukapungua vidole vinne. Akaupima kwa futi, kana kwamba vidole vyangu vilikuwa vimedanganya.

"Umepungua," akasema.

"Na waya hauna pindo la kufungulia, fundi. Kwani dukani hukwenda na betri ya zamani, wakupe inayofanana?"

"Jiwe lote lile nilipakate kwenye pikipiki? Nilikata pateni."

Nilidhani utani. Akaingia ndani, akatoka na karatasi ngumu ya kaki, imekatwa kwa ukubwa wa betri, safi, hata kona zimeviringwa. Alikuwa ameilaza juu ya betri, akaibonyeza mpaka vichwa viwili vikaacha alama, akaigeuza, na ndipo akachora: duara jekundu la waya mwekundu, jeusi la mweusi. Muuzaji akaletewa upande uliochorwa, akatafuta betri ya namna hiyo. Akaipata.

"Kwa nini uligeuza karatasi kabla ya kuchora?"

"Shemeji, chaki hupigwa upande wa ndani wa kitambaa! Nikipiga nje si naharibu nguo ya mtu?"

Alilisema kwa ukali, kama nimemwita mwizi. Kisha akaitazama karatasi. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akakaa kwenye kigoda.

"Nimemkatia kushoto kulia," akasema polepole.

Saa ilikuwa nne na nusu. Mimi nikaanza kukunjua kamba yangu, hakuna aliyenilipa nishauri. Lakini dada yangu masikio yake yapo kila chumba.

"Kaka, mpeleke dukani na pikapu yako. Na usijifanye huna mafuta."

Nikampeleka. Sikukimbia.

Muuza betri alisikiliza habari ya pateni tangu mwanzo hadi mwisho, penseli sikioni, kisha akasema mali ikitoka dukani hairudi. "Uliipima mwenyewe, bwana."

"Mimi nikishona gauni likambana mteja," fundi akajibu, "simwambii arudi nyumbani akapunguze mwili."

Muuzaji alicheka, nusura aangushe penseli. Lakini kucheka si kubadilisha mali. "Ilishafungwa kwenye gari?"

"Haikufungwa."

"Wote husema hivyo." Akanigeukia. "Wewe nakujua. Ilifungwa, haikufungwa?"

Ilikuwa inakaribia saa tano na nusu. Ningekohoa tu, au ningekuna kichwa, gari lilikuwa langu. Ila kwa mtu huyu nachukua betri za mkopo kila wiki bila hata karatasi, kwa neno langu tu, na neno likishaingia doa hakuna wa kulifua.

"Haikugusa waya," nikasema. "Waya haukufika."

Akaibadilisha. Njiani fundi alinitazama kwa macho ya shukrani mpaka nikamwambia atazame barabara, hiyo ilikuwa biashara.

Saa sita kasoro dakika saba alikaza waya mwekundu, kisha mweusi. Dada alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni. Fundi akajikunja kwenye kiti, akawasha. Injini ikakohoa, ikashika.

"Zima," akasema dada.

"Nizime? Mke wangu, limewaka!"

"Tulisema linalowaka. Hatukusema lililowaka mara moja. Zima, uwashe tena."

Fundi akanitazama mimi, mtu wa mwisho aliyepaswa kuombwa msaada. Akazima. Mkono wake ukakaa kwenye ufunguo bila kuuzungusha. Kisha akauzungusha. Likawaka.

"Kaka, umesikia," dada akasema, akarudi jikoni.

Nilisikia. Mkanda ulikuwa unalia, na plagi moja, kama si mbili, ilikuwa haifanyi kazi. Lakini kuwaka limewaka, na kuhusu sauti hatukuwa tumeafikiana lolote.