Hapa Pana Mtu

Kaka yangu ni fundi viatu, na macho yake yote mawili yalizimika miaka sita iliyopita kwa ugonjwa wa presha ya macho. Hakuacha kazi. Anapapasa soli, anatafuta tundu kwa kidole gumba, anapitisha sindano, na mshono wake umenyooka kuliko wangu mimi ninayeona. Tunafanya kazi chumba kimoja: yeye anashona, mimi napaka gundi na kupokea wateja. Wateja wanamwita Refa. Jina hilo alijipa mwenyewe. "Marefa wote vipofu," husema, "ila mimi nina cheti cha hospitali."

Timu yetu ilipoingia fainali, na fainali yenyewe ikawa inachezwa jijini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema tunakwenda.

"Kaka, si utasikiliza redioni?" nilimwambia.

"Redioni nasikiliza kila siku. Safari hii nataka nikakae mlemle ndani. Wewe utanionea."

Nilikubali shingo upande. Tukapanda basi asubuhi, saa tano za njia, naye kavaa fulana ya timu aliyoipiga pasi mwenyewe. Uwanjani tulipata nafasi kwenye benchi la zege, safu ya juu kabisa. Akaweka mkono begani kwangu, nami nikaanza: mpira uko kulia, wametupora, umetoka, kona.

Niseme ukweli, kumsimulia mtu mpira ni kibarua. Ukieleza pasi hii, ile ya pili imeshakupita. Naye haishi kuuliza: beki wetu kasimama wapi? Mwamuzi kaonyesha nini? Mbona wanazomea? Kufikia dakika ya thelathini nilikuwa namjibu neno mojamoja, tena kwa kuvuta mdomo. "Nje." "Faulo." "Hamna kitu." Hakulalamika. Alikuwa akitabasamu tu, uso kaelekeza kwenye kelele.

Wakati wa mapumziko nikamwambia naenda msalani. Nilikwenda kweli, na wala hapakuwa na foleni. Nilipotoka nikawaona jamaa wa mtaani kwetu wamejipanga chini kabisa, nyuma ya goli, wakanipungia. Nikajiambia dakika tano tu. Kipindi cha pili kikaanza, nikabaki.

Ningependa kusema nilimsahau. Sikumsahau. Kila mara niligeuka kutazama kule juu, nisione kitu zaidi ya rangi za fulana, halafu nikarudi kwenye mpira. Bega langu lilikuwa jepesi, nami nilifurahia wepesi huo. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Dakika ya themanini tukafunga, tena kwa kichwa, hatua chache tu kutoka nilipokuwa. Nilikumbatia watu nisiowajua.

Filimbi ya mwisho ilipolia, uwanja mzima ukamwagika kwenye ngazi, ndipo hofu ikanishika. Mtu asiyeona, katikati ya umati ule! Nilipanda kinyume na watu, nikisukumwa na kutukanwa, roho mkononi. Akilini nilishamwona amekanyagwa, na nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia shemeji.

Alikuwa amekaa palepale. Kiganja chake amekitandaza kwenye zege, mahali pangu.

"Kaka," nikaita.

Mwanamume aliyekaa safu ya mbele yake akageuka. "Kumbe ndiye wewe? Huyu mzee katugombeza kipindi kizima. Kila anayetaka kukaa hapo anaambiwa, hapa pana mtu."

Kaka akanishika mkono. "Mdogo wangu. Foleni ilikuwa ndefu?"

"Ndefu, kaka."

"Pole sana. Basi umekosa goli. Kaa nikusimulie."

Nikakaa. Akanisimulia goli alilolisikia kwa masikio yake: krosi kutoka kushoto, shuti kali la chini, kipa hoi. Alisimulia taratibu, bila kuruka kitu, akinisubiri nielewe. Sikumsahihisha. Nikamuuliza nani kafunga.

Siku hizi wateja wananicheka dukani: mtu kasafiri saa tano akaenda kukosa goli chooni. Nami nacheka nao. Anayenitetea ni kaka, bila hata kusimamisha sindano.

"Mwacheni, jamani," huwaambia. "Foleni ilikuwa ndefu."