Fungu Moja kwa Siku

Télesphore Kataliko alikuja Kisangani kutoka Butembo kuuza vitambaa. Vita vilipofunga barabara ya Bafwasende, rafu za duka lake zikabaki tupu, naye akaanza kulisha nyumba kwa karata.

Hakucheza kama wenzake. Pesa yote iliyobaki aliigawa mafungu ishirini, mke wake Générose akayaficha. Kila asubuhi alitoka na fungu moja tu. Likiliwa, alirudi nyumbani, hata kama alihisi bahati iko karibu. Akishinda, waligawa upya kwa ishirini.

"Juma baya litanipunguza," alimwambia mkewe, "lakini haliwezi kunimaliza."

Mchana mmoja wa mwezi wa tano, mwaka 2000, askari wa kigeni aliketi mezani pao nyuma ya soko. Wakati huo majeshi mawili ya kigeni yaliyoshika mji yalikuwa yameanza tena kutazamana vibaya. Askari alilaza bunduki magotini, mtutu wake ukielekea tumbo la Télesphore. Askari akaliwa mara tatu mfululizo.

"Bon. Sasa ya mwisho," akasema. "Weka yote."

Wachezaji wengine wakaondoka mmoja mmoja. Télesphore alizoea kupima hasara, lakini hii hakujua aipimeje. Akishinda, atapigwa risasi. Akishindwa makusudi na askari akigundua, vilevile. Akatupa karata nzuri, akabakiza mbovu.

Askari alishinda, kisha akafunua zilizotupwa.

"Karata kubwa hii umetupa ya nini? Miye iko mutoto?"

"Hapana, chef. Ni woga. Mikono inatetemeka, karata sizioni."

Ulikuwa ukweli mtupu. Askari akamkazia macho, kisha akacheka.

"Na nyumbani iko ngapi?"

"Haiko kitu, chef."

Alimpekua mifuko, viatu, hata soksi. Hakupata kitu zaidi ya kile kilichokuwa mezani. Akakichukua, akamvua Télesphore na saa ya mkononi, akaenda zake.

Télesphore alirudi nyumbani mikono mitupu.

"Wamekula ngapi?" Générose akauliza.

"Fungu moja. Usiniulize mengine."

Mwezi wa sita majeshi hayo mawili yakapigana, mabomu yakaanza kuanguka mjini. Mafungu yaliyofichwa yakalipia mtumbwi wa kuvuka mto kwenda Lubunga, na unga wa muhogo wa siku sita. Waliporudi, ukuta wa jikoni ulikuwa chini. Wakaanza kuuza chumvi kwa vikombe, yeye na Générose kwa zamu, na karata hakuzigusa tena.