Bampa za Kromi za Vernon Pugh

Wenye magari ya MG, yale madogo ya michezo ya Kiingereza, wakipishana barabarani husalimiana kwa kidole kimoja. Mkono hauondoki kwenye usukani. Unainua kidole cha shahada, mwenzako anainua chake, na kila mmoja anaendelea na safari akijiona ana ndugu. Vernon Pugh alikuwa amemwinulia Dokta Fairbrass kidole hicho kwa miaka kumi na moja, pale kwenye daraja la Wyrebrook, kila Jumapili yenye jua. Na kwa miaka kumi na moja Dokta Fairbrass alikuwa akiangalia mto.

Sababu ilikuwa bampa, basi. Gari la daktari lilitoka kiwandani mwaka 1966, jekundu, rimu za spoki, bampa nyembamba za kromi zinazometameta kama sinia ya harusi. La Vernon lilikuwa la 1979, na kufikia mwaka huo sheria za usalama za Marekani, ambako mengi yaliuzwa, zilikwisha kukilazimisha kiwanda kuyafunga magari yake bampa nene nyeusi za mpira na kuyanyanyua juu kidogo. Chini ya boneti mtu asingeona tofauti ya maana. Lakini katika klabu ya wenye MG ya Wyrebrook wenye kromi waliziita zile nyeusi "soli". Fulani ana gari zuri, walisema, ila kalivisha soli. Nao wenye soli walicheka pamoja nao, maana ukinuna ndiyo wanapata la kusema.

Vernon hakucheka. Alikuwa mtoto wa mfumaji wa mazulia, ameanza na miaka kumi na sita kuuza vigae vya mabaki sokoni, na sasa alikuwa na maduka matatu ya vigae na mlango mkubwa wa kioo kila duka. Ile MG aliinunua mpya, akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwa pesa taslimu, na kabla ya kutia saini akamkalia muuzaji kooni mpaka akapewa mazulia ya ndani bure. Hakuna mkono mwingine uliowahi kulimiliki. Fairbrass je? Alirithi kwa mjomba. Hakupatana bei na mtu, hakusimama kwenye mvua akihesabu, alifiwa tu akakabidhiwa ufunguo. Jambo hilo lilimkwama Vernon kama mwiba wa samaki.

Na kwa bahati mbaya Fairbrass ndiye aliyekuwa daktari wa meno wa mji mzima. Februari ile Vernon alikwenda kuziba gego, akalazwa kwenye kiti, akafunguliwa kinywa, na juu yake, kwenye dari, pale wagonjwa wanapotazama, palikuwa pamebandikwa picha kubwa ya gari jekundu kando ya ziwa. Alikaa chini ya picha ile dakika arobaini. Daktari alikuwa akimsimulia muuguzi habari za maonyesho ya klabu ya Julai, jinsi safu ya mbele inavyopendeza ikiwa haijachanganywa, na Vernon, mwenye vyuma viwili na pamba mdomoni, hakuweza kujibu hata neno. Alichoweza kufanya ni kuziangalia zile bampa. Alipotoka, shavu limekufa ganzi, alikwisha kuamua.

Nyumbani alitoa karatasi ya kanuni za klabu akaisoma kama anavyosoma mikataba, mara mbili, ya pili akianzia mwisho. Kifungu cha nne kilisema kwamba katika maonyesho ya kila mwaka kwenye jumba la Thornley Hall magari yenye bampa za kromi yatapangwa safu ya mbele, kando ya ziwa. Mwaka wa gari haukutajwa. Aliyeandika kifungu hicho alidhani kila mtu anajua maana yake, na Vernon alikuwa amejenga maduka matatu kwa pesa za watu waliodhani hivyo.

Mkewe Glenys alipoambiwa kwamba gari litafungwa bampa za kromi, aliweka chini sufuria ya viazi.

“Unataka kulikata gari? Lile ulilonichukulia kanisani?”

“Nalikata pua tu.”

“Kwa ajili ya yule mng'oa meno.”

Vernon akasema si kwa ajili ya mtu, ni kwa ajili ya thamani ya gari. Glenys alikuwa ameishi naye miaka thelathini na tano, akarudi kwenye viazi vyake.

Kazi iliisha katikati ya Mei. Bampa alizipata kwa mvunja magari mmoja wa Worcester; Vernon alimwonyesha kwa kidole kila kidoa cha kutu mpaka yule bwana akaanza kuona haya kuziuza. Fundi wa bodi huko Dudley alikata vyuma vya mbele, akachomelea vingine, akabadilisha grili, akashusha springi ili gari lilale chini kama yale ya zamani. Zile bampa nyeusi zilinunuliwa na Mholanzi siku ileile zilipotoka. Gari lilipooshwa na kupakwa nta, hata Vernon mwenyewe alilizunguka mara tatu kabla ya kulizoea.

Jumapili ya kwanza alikwenda darajani. Gari jekundu lilikuja kwa upande wa pili, na kutoka mbali, kabla ya kutambua ni nani, Dokta Fairbrass akainua kidole. Kilipanda vizuri kabisa. Kisha akamwona Vernon nyuma ya kioo, kidole kikasita nusu njia, kikawa kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Lakini kilikuwa kimeshapanda. Vernon aliishi kwa kidole hicho wiki nzima, akawa mpole dukani hata wafanyakazi wakaingiwa na wasiwasi.

Siku ya maonyesho, Fairbrass mwenyewe alikuwa langoni mwa Thornley Hall, kofia ya majani kichwani, orodha mkononi, maana ndiye mwenyekiti.

“Bwana Pugh, karibu. Safu yenu ni ileile ya nyuma, karibu na vyoo.”

“Kifungu cha nne, daktari.” Vernon alimpa karatasi, mstari umeshapigwa kwa wino mwekundu.

Fairbrass alisoma. Akasema kifungu kile kimekusudia magari ya zamani, kila mwanachama anaelewa.

“Mambo ya kukusudia sijui. Mimi nimesoma kilichoandikwa. Kimeandikwa bampa za kromi. Hizi ni nini, sufuria?”

Nyuma yake foleni ilikuwa inarefuka. Aliyefuata alikuwa Hester Quill, mpeleka barua mstaafu, ndani ya MG ya kijani yenye mlango mmoja wa kahawia, injini ya gari la aina nyingine kabisa, na bampa nyeusi alizozifunga mwenyewe kwa parafujo zilizozidi urefu. Akatoa kichwa nje.

“Mwache apite, daktari, sisi wa soli jua linatuchoma.”

Watu wakacheka. Fairbrass akainama dirishani kwa Vernon, akashusha sauti. Wenye Jaguar walikuwa na kiwanja chao ng'ambo ya ziwa, alisema, na hema, na vitambaa vya meza. Mwaka jana mmoja wao alimwuliza kama klabu yake imeanza kupokea magari ya kuungaunga. Alimwuliza mbele ya mke wake. Vernon akatazama ng'ambo, akaona magari marefu yaliyolala kwenye kivuli na watu waliovaa makoti ya kitani, wala hakuna aliyekuwa akigeuza shingo kuangalia upande huu. Hakumwonea huruma daktari. Alichofahamu ni kwamba mtu huyu ana bei, na leo hana nafasi ya kuibishania.

“Basi tusiwape cha kutazama,” akasema. “Tukibishana langoni wataona.”

Akapewa nafasi, kando ya maji, ubavuni mwa gari jekundu.

Kwa saa mbili Vernon Pugh alikuwa na alichokitaka. Bata walipita mbele yake. Watu waliolipa kiingilio walisimama, wakapiga picha, wakamwuliza mambo, na mzee mmoja mwenye chongo alizipapasa madigadi za gari akasema hakuna kitu kizuri kama hiki. Glenys alikaa kwenye kiti cha kukunja akisoma gazeti. Kila baada ya muda Vernon aliangalia gari jekundu kwa pembe ya jicho, akalinganisha kromi kwa kromi, na akaona ya kwake inang'aa zaidi. Fairbrass alikuwa na kitambaa mkononi. Alikuwa akifuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

Kisha akaja mwamuzi. Jina lake Reg Cotterill, mzee wa miaka themanini na ushee, amefanya kazi katika kiwanda cha MG kule Abingdon tangu kijana hadi siku kilipofungwa. Alitembea na tochi na kioo kidogo kwenye fimbo ya kutazamia chini ya magari. Alilimaliza lile jekundu, akafika kwa Vernon, akasoma nambari ya usajili, akachungulia dashibodi, akafungua nyuma ya viti mahali pa betri, akaona moja ambapo magari ya zamani huwa na mbili. Hakuhitaji kioo.

Aliomba karatasi. Vernon akampa zote, tangu risiti ya siku ya kwanza. Mzee alizipitia polepole, akazikunja kama zilivyokuwa.

“Mmiliki mmoja tangu dukani,” akasema. “Huenda bampa ulizotoa nilizifunga mimi.”

“Basi ulizifunga sawasawa, mzee. Zilitusumbua kutoka.”

Reg Cotterill akatabasamu kidogo. Akamweleza mambo yalivyo, bila ukali. Safu hii inahukumiwa kwa jinsi gari lilivyotoka kiwandani, na hili halikutoka hivi, kwa hiyo hawezi kuliandikia hata alama moja. Lakini yako magari yaliyobadilishwa, nayo yana kikombe chao, na kwa kazi aliyoiona hapa, mshono kwa mshono, hakuna la kulishinda uwanjani. Ila hayo yanasimama safu ya nyuma. Kama Bwana Pugh atalipeleka kule sasa hivi, atalihukumu kule.

“Na nikibaki hapa?”

“Ukibaki hapa ni gari limeegeshwa.”

Glenys alishusha gazeti. Fairbrass naye aliacha kufuta. Vernon akaangalia safu ya nyuma, vyoo vyake, gari la kuuza soseji na moshi wake, Hester Quill akila kitunguu cha kukaanga kwa mkono na kucheka na mtu. Kikombe kilikuwa palepale, cha bure, hakuna wa kukigombania naye. Maisha yake yote hajawahi kuacha kitu cha bure. Kisha akaliangalia gari jekundu, karibu hivi kwamba angeweza kuliegemea.

“Nitabaki,” akasema.

“Vernon,” Glenys akasema.

“Nimesema nitabaki. Kifungu kinaniruhusu.”

Mzee akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda zake kwa fimbo na tochi. Fairbrass akaingia garini, akawasha, akalisogeza gari jekundu hatua nne mbali na la Vernon, taratibu, bila kumtazama mtu. Wa upande wa kushoto, mwenye gari jeupe, aliona, naye akawasha, akasogea. Gari la Vernon likabaki peke yake katikati ya majani, na waliokuwa wakipita sasa walidhani limeachiwa nafasi kwa kuwa lina hitilafu.

Saa kumi vikombe viligawanywa. Cha magari yaliyobadilishwa alipata Hester Quill. Alikipokea na mafuta ya soseji vidoleni, akauliza kama anaweza kuwekea maua. Kwa kuwa mwenyekiti ndiye mtoaji, Fairbrass alimshika mkono, akasema neno la kuchekesha, akacheka mwenyewe, na mpiga picha alipoomba, akaenda akaegemea ule mlango wa kahawia, kofia nyuma ya kichwa, bega kwa bega na mpeleka barua mwenye soli. Vernon alikuwa hajawahi kumwona akicheka kwa meno yote. Alipiga makofi mawili, akaweka mikono mfukoni.

“Ule mlango haukai,” akamwambia Glenys. “Ona ufa ule. Kidole kinapita.”

“Kamwambie basi.”

Alikwenda. Alizunguka ziwa lote ili asipite mbele ya gari jekundu, akasubiri mpaka watu wapungue, akalizunguka gari la kijani, akagonga bodi hapa na pale, akachuchumaa, akatazama zile parafujo ndefu na pale mlangoni Fairbrass alipokuwa ameegemea. Hester alikuwa akikifunga kikombe kwenye kiti cha abiria kwa mkanda. Vernon akamwambia kwamba gari lina kutu chini ya mlango, injini ina sauti, rangi ni ya kupakwa na brashi, na yeye yuko tayari kumwondolea mzigo huo. Akataja bei.

Hester alifikiri ni mzaha. Alipoona si mzaha, akanyoosha mgongo, akatazama ng'ambo ya nyasi, pale gari la Vernon lilipokuwa linang'aa peke yake kando ya maji.

“Bwana Pugh, la kwako lina kasoro gani?”

“Halina,” akasema Vernon, akaongeza paundi mia mbili.