Kuku Watatu wa Safari ya Mwanza

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, tulinunua basi dogo la mtumba, tukang'oa viti vya nyuma na kutandika godoro. Tulitaka kwenda nalo kutoka kwetu Makole, Dodoma, hadi Mwanza kwa mama yangu. Mume wangu akapanga vituo: Manyoni kwa shangazi yake, Singida kwa kaka yake, Nzega kwa dada yangu. Kote huko tulale.

Nilikataa. Nawajua ndugu zetu. Ukiingia jioni unachinjiwa kuku, na ukishachinjiwa kuku huondoki kesho yake. Likizo ingetuishia Singida.

"Tulale garini," nikasema, "kwa ndugu tuingie asubuhi. Asubuhi mgeni hupewa chai."

"Huo ni mpango wa kukimbia ndugu."

Nikamwambia anayekwenda kwa mama yake ni mimi, basi nitapanga mimi.

Manyoni tulimkuta shangazi ameshamkamata kuku. Tulipomaliza chai nikamfungulia mlango wa nyuma wa gari aone tunakolala. Akalibonyeza godoro kwa kiganja, akacheka, kisha akamfunga kuku miguu na kumpakia akiwa hai. Singida ikawa vilevile, na Nzega vilevile.

Tukaingia Mwanza na kuku watatu na likizo karibu nzima. Mama alitupokea kwa vigelegele. Mume wangu alikuwa ameinama nyuma ya gari anakagua godoro. Kuku wa shangazi yake alikuwa ametaga, tena upande anaolala mume wangu.