Siku Niliyomstaafisha Kwabena

Mkiniona kwenye sherehe nakataa kushika kipaza sauti msidhani ni unyenyekevu, ni aibu tupu, na leo acha niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu, ambaye huongeza vitu.

Pale tunapokaa Midrand jirani yangu wa mlango wa pili ni Kwabena, beki wa kati kutoka Ghana, mtu mrefu wa maneno machache, aliyeanzia mpira Kumasi, akapelekwa Tunisia bila kujua hata neno moja la Kiarabu, kisha akaletwa hapa Johannesburg na kuwazuia washambuliaji wa watu msimu baada ya msimu hadi klabu yake ilipomwambia mkataba umekwisha, asante sana. Mkewe, Mama Afia, ni Mkongo wa Bukavu, na ndiye aliyetuunganisha, maana huku ugenini ukisikia Kiswahili kwenye ngazi huulizi cha wapi, unafungua mlango.

Jioni moja nikamwona Kwabena getini akimpa mlinzi mfuko mzima wa viatu vya mpira na jezi. Nikasema moyoni, basi, kaka amestaafu. Ningeweza kumuuliza, lakini mimi ni Mkenya, na sisi Wakenya wa huku jambo likitokea hatuulizi, tunaunda kamati. Kabla sijavua tai nilikuwa nimeshafungua grupu la WhatsApp na kujiteua mwenyekiti (hakuna aliyepinga, hakuna aliyeitaka hiyo kazi), nikatangaza sherehe ya kumuaga beki wetu, ya kushtukiza, na kwamba Mama Afia asiambiwe kwa kuwa hajui kuficha kitu.

"Una hakika amestaafu?" mke wangu akaniuliza.

"Mama Brian, mpira naujua." (Naujua wa runinga.)

Mama Afia nilimwambia tu kwamba Jumamosi tunachoma nyama.

"Ah, Papa Brian, siku ya posho tuko na mugeni," akasema. Siku ya posho kwao ndiyo Jumamosi. "Mugeni wa maana sana."

"Mleteni na yeye, nyama ni nyingi."

Hapo ndipo nilipojichongea.

Siku ikafika, tukajipanga kwenye lapa, kile kibanda cha nyasi cha kuchomea nyama, na keki ya kijani kama uwanja, ina magoli mawili ya sukari na maandishi: Kustaafu Kwema, Beki Wetu. Kwabena akaingia na mkewe na mzee mmoja wa suti aliyebana faili kwapani, ambaye mimi nilimdhania mchungaji wa Waghana, tukapiga kelele zote. Kwabena akabaki kuitazama keki. Mama Afia akauliza, "Papa Brian, hii njo nini?" nami nikaona ni furaha hiyo, nikachukua kipaza sauti, na kwa heshima ya mgeni nikahutubia kwa Kiingereza ili asikose neno. Hakukosa.

Nikasema magoti yale yamefanya kazi, sasa yapumzike. Nikasema asubuhi namwona akishuka ngazi ameshika ukuta kama bibi kizee, na jioni dawa yake ya kuchua tunainusa hadi kwetu. Watu wakacheka, nikanogewa, nikaongeza kwamba msimu uliopita kijana mmoja alimpita mpaka nikazima runinga kwa huruma. Yule mzee hakucheka. Alifunga faili lake taratibu, akaelekea kwenye gari.

Mama Afia akaninyang'anya kipaza sauti, na kwa hasira akasahau kukizima. "Papa Brian! Yule ni mukubwa wa klabu mupya! Alikuya na kontra, bwana yangu aweke sinyatire leo!"

Mkataba, saini, wakasikia hadi walinzi wa getini. (Vile viatu alivyogawa vilikuwa vya zamani. Alikwisha kununua vipya.) Mtu ana miaka thelathini na minne, ana watoto, hana klabu, na klabu moja tu ndiyo iliyomtaka, nami nimeifukuza kwa mdomo wangu. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliogopa.

Nikamkimbilia mzee. "Mzee wangu, nilikuwa naongeza chumvi tu."

"Eish, ndugu yangu," akasema. "Lile la ngazi ni kweli au si kweli?"

Lilikuwa kweli.

Kwabena akaja nyuma yetu, amevua viatu, ameshika mpira wa watoto. Akauweka kwenye nyasi mbele yangu. "Mwenyekiti," akasema (hadi leo ananiita hivyo), "nipite."

Nikiwa na koti na kitambi changu nikajaribu, mpira ukapotea sijui saa ngapi. Nikajaribu tena, vilevile. Mara ya mwisho nikaenda kwa nguvu zangu zote, maana ningelegea mzee angejua, na Kwabena akauchukua mpira bila hata kunigusa, mimi nikaendelea na safari peke yangu hadi kwenye karai la barafu na soda, nikakaa ndani. Suruali ikachanika kwa sauti. Simu zote zilikuwa juu zinarekodi.

Mzee alicheka mpaka akashika tai yake, kisha akaacha. "Kukuzuia wewe si kazi. Jumatatu aje kwa daktari wetu, tulione hilo goti."

Goti lilipita. Lakini mkataba uliokuja mle ndani ya faili ulikuwa wa misimu miwili, na aliotia saini ulikuwa wa mmoja. Ule msimu wa pili niliula mimi, kwa hotuba.

Kwabena hajawahi kunigombeza, na afadhali angenigombeza. Keki haikukatwa, Mama Afia aliiweka kwenye friza yake. "Tutaikula siku yake, Papa Brian," aliniambia. "Wewe utakuya, utakaa, utakula." Kila nikienda kuomba barafu nayaona yale magoli ya sukari. Siku hiyo ya kustaafu niliisogeza karibu kwa mwaka mzima, na ikifika nitakaa mwisho kabisa wa meza, mdomo umejaa keki.