Mchi Uliovaa Koti la Baba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, pale Chanji, mjini Sumbawanga, kila asubuhi kabla ya kwenda shule niliuamkia mchi shikamoo. Naandika haya nikiwa mtu mzima, mwenye miwani na pasipoti iliyojaa mihuri, na bado sijapata namna ya kuyasema yakaonekana ya heshima. Huko nilikozunguka, nikitaja tu kwetu, Watanzania wenzangu huniuliza nimeegesha wapi ungo wa kurukia usiku kichawi. Huwa nawajibu kwamba ungo ni wa wenye uwezo. Sisi tulikuwa na mchi.

Baba aliota uvimbe shingoni, chini ya sikio. Ulianza kama punje ya harage, ukafika kama yai. Hospitali ya mjini wakampeleka Mbeya, Mbeya wakampeleka Dar es Salaam, na huko wakasema ni saratani, atapigwa mionzi kwa wiki nyingi. Habari hizo alituletea dereva wa lori. Mama alipozisikia aliketi kwenye kizingiti kama mtu aliyekatwa miguu. Bibi, mama yake baba, aliuliza swali moja tu.

"Huo ugonjwa wakiufukuza, unakwenda wapi?"

Dereva akasema hajui, yeye ni dereva.

Bibi alikuwa amekuja kutoka kijijini, kwenye mashamba yake ya ulezi, ili atusaidie wakati baba hayupo. Alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni, na hakuona kama rozari inazuia mambo mengine. Kwa maelezo yake, ugonjwa wa namna ile ni kama mbwa: ukimfukuza, anarudi alikozoea kulala. Madaktari wakiutoa mwilini mwa baba, utapanda huku juu Ufipa kutafuta kitanda chake. Ukikikuta kitupu, utakaa umsubiri. Ukikuta mtu, utamwingia na kutulia. Basi akachukua mchi wetu wa kutwangia, akauvika koti la baba la kanisani, akauvisha na kofia, akaulaza kitandani na kuufunika blanketi. Mikono ya koti akaipanga juu ya blanketi, mitupu.

"Mama, na mimi nitatwangia nini?" mama aliuliza.

"Azima kwa jirani."

"Nikaseme wetu una nini?"

"Kaseme umelala."

Mama akahamia kitanda changu, akidai hakuolewa na mti. Mimi nikapewa kazi ya kuamkia.

"Mwamkie kama baba yako, ili huo ugonjwa usishtuke," Bibi aliniagiza. "Asipoitika, nenda shule. Akiitika, njoo uniambie. Tutajua umeshaingia, nami nitakwenda kuutupa."

Sijamkuta Mfipa mwingine anayeijua mila hiyo. Nimewauliza wazee kadhaa, wakanitazama kama mtu aliyekaa mno kwa wazungu. Huenda Bibi aliitunga mwenyewe jikoni, kwa kuwa mwanawe alikuwa mbali na mikono yake ilikuwa haina la kufanya. Lakini nilikuwa mtoto, na mtu mzima alikuwa ameniambia kwamba uzima wa baba uko kwenye shikamoo yangu. Sikuwahi kuruka hata siku moja.

Asubuhi moja ya kipupwe, ukungu umelala hadi mlangoni na upepo unapiga mabati, niliingia nikiwa na sare, vidole vya miguu vimekufa ganzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa kavu, ya kukwaruza, kama gunia linaloburutwa taratibu juu ya changarawe. Nilitazama kofia. Haikusogea. Jinsi nilivyotoka sikumbuki. Nakumbuka niko uani, nimeng'ang'ania kanga ya Bibi, na yeye anapiga kigelegele cha chini chini ili majirani wasisikie.

"Umeingia! Umeingia, mjukuu wangu!"

Akaubeba mchi mgongoni kama anavyobebwa mtoto, akashuka nao mtoni, akautupa pamoja na koti lake. Mama alilililia lile koti.

"La kanisani, Mama! Atavaa nini akirudi na baridi hii?"

"Akirudi, atavaa hata gunia," Bibi akasema. Na alilitamka lile "akirudi" kama mtu aliyeshahakikishiwa.

Kweli akarudi. Tulikwenda kumpokea stendi, akashuka kwenye basi akishikilia mlango, mwembamba, ngozi ya shingo imeungua na kuwa nyeusi kama kiazi kilichosahaulika kwenye majivu. Mama akamkimbilia. Baba akatutazama, akafungua kinywa.

"Hamjambo."

Ilikuwa sauti ile ile ya kitandani.

Leo naelewa kwamba mionzi iliichoma sauti yake pamoja na uvimbe. Siku ile nilielewa kitu kingine. Kama niliyemsikia asubuhi ile alikuwa ugonjwa, basi huyu aliyeshuka kwenye basi ni nani?

Mama alinifinya bega. "Mwamkie baba yako!"

Nikajificha nyuma ya Bibi. Kwetu, mtoto kukataa kumwamkia baba yake ni tusi, tena mbele ya watu. Baba akasema kwa mkwaruzo wake, "Mwache, kachoka." Aliyechoka alikuwa yeye.

Siku zikapita, nami nikawa nampitia mbali kama mbuzi anayempitia fisi. Mama alinichapa, haikusaidia. Ndipo Bibi akanivuta nyuma ya jiko.

"Ni ile sauti?"

Nikakubali kwa kichwa.

Nilimwona Bibi akizeeka pale pale, mbele ya macho yangu. Lake lilikuwa zito kuliko langu. "Basi aliyeitika alikuwa mwanangu," alinong'ona. "Sasa mimi nimemtupa nani mtoni?"

Mchana ule alichukua fimbo, akashuka bondeni. Alirudi kanga imelowa hadi magotini na mikono haina kitu. Hakula. Tangu hapo akawa anamtazama baba kama unavyoutazama mshumaa karibu na dirisha lililo wazi.

Siku iliyofuata baba alikuwa akiota jua ukutani, amejizungushia blanketi kwa kukosa koti, kikombe cha uji wa ulezi mkononi. Zaidi ya uji hakuweza kumeza kitu. Akaniita. Alikuwa ananiita mama, kwa sababu nilirithi jina la Bibi.

"Mama, nimekukosea nini?"

Nikatazama miguu yangu.

"Kule wodini watu wasionijua walikuwa wananiamkia. Nimefika kwangu, binti yangu ananikimbia. Niambie tu, sitakasirika."

Nikamwambia yote, kwa kigugumizi, nikiwa nimesimama tayari kukimbia. Baba akacheka. Kicheko hakikutoa sauti, ila mabega yalitikisika mpaka uji ukamwagika.

"Mchi! Na koti langu la kanisani!"

Kisha akaacha kucheka. Akapangusa uji kwenye blanketi.

"Kuna asubuhi nilikuwa nimelala kule, nina homa," akasema. "Nikasikia umeniamkia. Nikaitika. Wa kitanda cha jirani akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia, na binti yangu, anakwenda shule."

"Kwa hiyo ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

"Na ugonjwa ulikwenda wapi?"

"Hilo, mama, hata daktari sikumuuliza."

Pembeni ya nyumba Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Nikasikia kupepeta kumekoma.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mama."

Baba alipata miaka kadhaa baada ya hapo. Aliniona nikimaliza shule. Halafu ugonjwa ukarudi, na safari hiyo ukamkuta kitandani yeye mwenyewe. Sikuwahi kumuuliza kama habari ya wodini ilikuwa ya kweli au aliitunga pale ukutani, ili mimi nipate baba na mama yake apate usingizi. Alikuwa na ufundi wa kutunga. Mimi nimeutoa wapi? Najua pia kwamba mtoto mwenye baridi na hofu husikia mengi. Ninachoshindwa ni kimoja tu: niliisikiaje sauti ile kabla haijafika nyumbani kwetu?

Wenzake wa kwaya waliobaki husema baba alikuwa na besi iliyotikisa madirisha ya kanisa. Nawaamini, ila siijui. Nimelala kwenye vyumba vya hoteli vya miji mingi nikijaribu kumkumbuka akiniita kabla hajaugua, akinigombeza, hata akikohoa tu. Kila nikijaribu, anayeitika ni yule wa mkwaruzo. Namwamkia huyo huyo. Mwingine sinaye.