Tabaka la Kumi na Saba

Hapa mtaani Mlandege, ninakoishi sasa, wananiita Profesa, na kila wakiniita nakunja uso. Wanadhani naringa. Hawajui kwamba nilihama Mbeya kwa kukimbia aibu yangu mwenyewe, mimi Asukile, mwalimu wa hesabu na fizikia, mtu mzima na mvi zangu.

Nilisoma Ulaya miaka miwili. Huko niliona kompyuta inayojaza ukumbi mzima. Wataalamu wanailisha namba, nayo inawaonyesha jinsi wingu la gesi linavyojikusanya, likapata moto, mpaka likawa nyota. Na ndani ya nyota ndimo vitu vinamopikwa: chuma cha jembe, chokaa ya mifupa yetu. Jamani, nilirudi kichwa kimejaa nyota! Shule yetu kule Mbeya haikuwa na hata mashine ya kujumlishia. Nikasema, potelea mbali, kompyuta itakuwa wanafunzi.

Basi mwaka 1976 nikawapanga kidato cha nne, watu thelathini, kila mmoja tabaka moja la nyota, kuanzia kitovuni hadi nje. Kila mmoja na kitabu chake cha logi, yale majedwali ya kukokotolea. Namba za kuanzia za kila tabaka niliziandika mimi ubaoni. Wa kwanza akishakokotoa joto la tabaka lake anampa wa pili kikaratasi, wa pili anampa wa tatu. Joto lilipaswa kupungua polepole kuelekea nje.

Tabaka la kumi na saba nilimpa Kashindye, binti wa Mzee Masunga, mfugaji Msukuma aliyehamia bonde la Usangu. Binti huyo hesabu zilikuwa zinamwogopa. Baba yake alitaka kumtoa shule amwoze. Nilimbembeleza mzee hadi akakubali kuja kwenye maonyesho yetu ya nyota. Akiona mtoto anafaa, mtoto ataendelea na shule. Asipofaa, anarudi nyumbani.

Siku yenyewe, Ijumaa saa nne asubuhi, mzee alikaa mbele, fimbo mapajani, karibu na Ofisa Elimu. Vikaratasi vikaanza kutembea. Vilipofika kwa Kashindye, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, ile mbili ya ubaoni, juu yake hakuna kamstari?"

Kwenye logi kamstari hako si mapambo; ndiko kanakoonyesha kwamba namba ni hasi. Kasipokuwepo, kitu kidogo kinageuka kikubwa mara elfu kumi. Mimi hata sikugeuka.

"Wee, fuata ubao! Usitucheleweshe!"

Akafuata. Kutoka kwake kwenda nje, joto likapanda badala ya kushuka. Ofisa Elimu akasoma karatasi ya mwisho, akacheka. "Nyota gani hii, mwalimu? Nje inachemka, ndani mbichi, kama ugali wa kapera!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hapo ndipo nilipotazama ubao. Kamstari sikukaweka. Mimi, kwa mkono wangu. Na mdomo wangu huu, Mungu anisamehe, ukafoka: "Kashindye! Umetuharibia nyota! Kichwani mwako mna nini, pumba?" Huku nafoka, huku nafuta ubao kwa kiganja.

Mzee Masunga akainuka. Hakugomba. "Asante, mwalimu, nimeona," alisema. Mchana uleule sanduku la bintiye likapakiwa kwenye lori la Rujewa, njia ya kwao.

Jumatatu nikaikuta karatasi yake dawatini. Upande mmoja alikuwa amefuata ubao. Upande wa pili alikokotoa upya, kamstari kapo, jibu sahihi. Nikalichukua jibu lile, darasa likaendelea kuanzia tabaka la kumi na nane, na nyota ikakaa sawa. Wakapiga makofi, nami nikayapokea! Nilikuwa natazamia kupandishwa cheo. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho hiyo ikachukua miezi tisa.

Nilipofika Usangu, Mzee Masunga alinipa kiti na maziwa, akaniomba radhi kwa bintiye kuniharibia kazi. Yeye aniombe radhi mimi! Nikayaweka maziwa chini. Kashindye akaitwa kutoka boma la jirani, alikoolewa. Akapiga goti kwa shida, maana alikuwa na mimba kubwa.

"Shikamoo, mwalimu."

 Nikasema yote pale pale. Mzee akachora chini kwa fimbo.

"Kosa lake ulilitangaza ukumbini, mwalimu," akasema. "Haki yake unaniletea zizini? Shule gani itampokea na tumbo hilo?"

 Nikamgeukia binti. "Mwanangu, mbona hukusema? Jibu ulikuwa nalo."

"Nilikuona ukifuta ubao, mwalimu. Nikaona nisikuaibishe mbele ya wageni." Alikuwa anachezea ncha ya kanga yake, hanitazami. "Nilijua Jumatatu utaiona karatasi yangu, utaniita. Wiki mbili sikulifungua sanduku."